Themanini na Sita

Mwaka ule salfa ilipochelewa kugawiwa
ndipo nilipoandikisha jina lako, Mfaume.
Sista Agripina alilisoma mara mbili,
akaliandika kwa wino wa kijani, maana wa buluu ulikuwa umekwisha:
Mfaume Chilumba, wa Newala,
miaka mitatu na miezi miwili,
hasemi, hageuki akiitwa.
Akanipa kipande cha kadi. Themanini na sita.
"Mtaalamu ni mmoja, mama, na mkoa ni mzima.
Tutakupigia."

Nikainunulia simu betri mpya.

Mikorosho ikatoa maua, yakapukutika.
Mabibo yakaiva, yakaoza, mtaa mzima ukanuka uchachu,
nawe kibarazani na maganda yako ya korosho
ukiyapanga, mgongo wa hili tumboni mwa lile,
kutoka kizingitini hadi kwenye pipa la maji.
Mtu akiuruka mstari ule, si neno.
Akisogeza ganda moja tu,
ulilia mpaka adhana ya alasiri.

Bibi yako akasema: wamemfunga ulimi.
Baba yako hakusema. Akaenda Tunduru kupulizia mashamba ya watu;
hela hutuma, sauti haitumi.
Mimi nikasema: usonji.
Neno nililopewa na Sista, nikalibeba hadi nyumbani
kama yai ndani ya kanga,
na kila niliyemfunulia aliniuliza kama linaambukiza.

Hawakupiga. Nikapiga mimi.
"Mbele yenu wapo arobaini na mmoja."
Mnada ukaja, bei ikapanda, ikashuka.
"Mbele yenu wapo arobaini na watatu."
Jando likapita, ngoma usiku kucha;
nikakuziba masikio kwa viganja vyangu,
nawe, gizani, ukanyoosha mikono ukaniziba yangu.
"Mtaalamu yuko masomoni."
Jando jingine. Mdogo wako Somoe akajifunza kukusemea:
kaka anataka uji,
kaka hataki shati lenye kola.
Huyo alizaliwa nikiwa kwenye foleni,
akaota meno nikiwa kwenye foleni.
Wanaosema subira yavuta heri
waje waishike kamba hii, wavute wenyewe.

Juzi simu ikalia.

Tukaondoka alfajiri, ukungu umejaa Shimo la Mungu hadi ukingoni,
tukashuka Mtwara na chapati mbili na kadi.
Benchi ni lile lile. Msumari ni ule ule uliochana kanga yangu.
Sista amestaafu.
Karani, kijana wa watu, akaitazama kadi, akatazama kimo chako.
"Huyu ana saba. Huduma hii mwisho miaka sita.
Mama, mbona mmechelewa?"

Mmechelewa.
Nikatafuta jibu kinywani, nikakuta mate matupu.
Miaka minne nimepiga hodi;
kati ya mlango na mgeni, aliyechelewa nani?

Akachukua kalamu, akakupiga mstari daftarini.
Mstari mmoja, mfupi, wala hakuukazia.
Kisha akaendelea na kazi yake.
Themanini na nne.
Mwanamke akainuka na mapacha.
Themanini na tano.
Hakuna aliyeitikia.
Themanini na saba.

Wewe ulikuwa dirishani, ukihesabu sijui nini
katika matone ya kiyoyozi.
Ukageuka.
Hukumtazama karani, hukunitazama mimi,
ulitazama pale hewani palipotolewa ganda.
"Themanini na sita," ukasema.

Sauti nene kidogo. Sikuijua.
Hujawahi kuniita mama, na wala sikudai.

"Themanini na saba," karani akarudia, polepole.

"Themanini na sita."

Benchi zima likanyamaza. Kalamu yake ikasimama.
Mimi nilikuwa nimeshafunga kibwebwe cha kuondoka.
Nikakifungua.
Nikakaa tena, upande ule wa msumari.